Besi haina maana ya msingi

Mwezi huu nimeisikia mara tatu, ya mwisho harusini. MC anatambulisha bendi, anafika kwa kijana aliyesimama ubavuni mwa ngoma, anasema: "Na huyu ndiye msingi wa nyumba, ndiyo maana anaitwa besi!" Makofi. Kijana akatabasamu, akaendelea kukaza uzi wake.

Besi ni sauti ya chini, basi. Kwenye kwaya ni wale wababa wa safu ya nyuma. Kwenye bendi ni gitaa ambalo kwa kawaida lina nyuzi nne, zinazolia oktavo moja (ngazi nzima ya noti, do hadi do) chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida.

Sasa huo "msingi". Kiingereza kina maneno mawili yanayotamkwa sawasawa, yote "beisi". Lenye maana ya msingi au kitako, base, asili yake ni Kigiriki, basis. La muziki, bass, asili yake ni Kilatini, bassus, yaani kifupi, cha chini; likapita kwenye Kifaransa, na baadaye tahajia yake ikasogezwa ifanane na basso ya Kiitalia. Kabla ya hapo Waingereza wenyewe waliwahi kuyaandika yote mawili kwa herufi zilezile, kwa hiyo mkanganyiko huu hatukuuanzisha sisi. Sisi tumelipokea neno kwa sikio, na sikio halioni herufi.

Mtu ataniambia ni ubishi wa makamusi. Lakini msingi hufukiwa. Ukishaamini kwamba jina la kazi ya mtu ni "msingi", unamtarajia akae chini ya udongo, na akipanda juu unaona amekosea. Hapo ndipo namkumbuka John Entwistle, mpiga besi wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, kijana wa London aliyezaliwa 1944, aliyejifunza piano na tarumbeta kabla ya besi, akawa karani wa ofisi ya kodi kabla muziki haujamlipa. Jukwaani wenzake waliruka na kuvunja vyombo. Yeye alisimama kama anasubiri daladala, vidole peke yake vikikimbia. Kwenye wimbo wao "My Generation" wa 1965, pale ambapo msikilizaji angetegemea gitaa la solo, inaingia besi, inajibizana na gitaa. Tena sauti yake haikuwa ule mngurumo wa spika unaotetemesha vikombe, ambao nao watu huuita besi wakimwambia fundi mitambo "ongeza". Alitaka mlio mkali wenye chuma ndani yake, na 1966 alishirikiana na watengenezaji wa nyuzi wa Rotosound mpaka ukapatikana. Mwenzake Pete Townshend akipiga kodi za gitaa (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu, Keith Moon akimwaga ngoma kila upande, mara nyingi melodi ilibaki kwa Entwistle. Aliendelea hivyo hadi kifo chake Las Vegas, Juni 2002, siku moja kabla ziara ya bendi haijaanza.

Wapo wapiga besi wanaoshika noti mbili usiku kucha na wimbo mzima ukawaegemea, nao nawavulia kofia. Kwa hiyo MC wetu hakukosea kumsifu yule kijana. Aseme tu "huyu ndiye msingi wetu", kisha aiache ile "ndiyo maana anaitwa".