Nani alisema unahitaji akili mnemba?

Wateja siku hizi hawaji na tatizo. Wanakuja wanataka akili mnemba (AI), basi. Ukiuliza ya kufanyia nini, unasikia yaleyale.

"Akili mnemba ndiyo ujifunzaji wa mashine, na ndiyo hiyo ChatGPT."

Hii inanichosha kuliko zote, maana inawala watu fedha. Akili mnemba ni taaluma nzima. John McCarthy na wenzake waliipa jina mwaka 1955, walipoomba ufadhili wa warsha iliyofanyika Dartmouth, Marekani, mwaka uliofuata. Ujifunzaji wa mashine ni tawi lake: programu inachota kanuni kwenye data badala ya kuandikiwa. ChatGPT ni bidhaa moja tu ya tawi hilo. Yapo matawi mengine. MYCIN, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1970, ilishauri dawa za maambukizi ya bakteria kwa kanuni zipatazo 600 zilizoandikwa na watu kutokana na ujuzi wa madaktari. Haikujifunza lolote. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, mwaka 1997, nguvu yake kubwa ilikuwa kupekua, takriban mikao milioni 200 ya sataranji kwa sekunde.

Sasa anakuja mtu wa SACCOS anataka "modeli" ya kumwonyesha nani kachelewesha rejesho. Bwana, hilo ni swali la kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa: mistari minne ya SQL, lugha ya kuiuliza. Ukitaka kukisia nani atachelewa mwakani, hapo ujifunzaji wa mashine una kazi, nami nitakudai kumbukumbu za marejesho ya miaka iliyopita. Ziko kwenye madaftari? Ajiri kwanza karani wa kuziingiza, tena mlipe vizuri.

"Roboti zote zina akili mnemba."

Unimate, roboti ya kiwandani, iliingia kiwanda cha magari cha General Motors mwaka 1961 ikirudia hatua zilizohifadhiwa kwenye ngoma ya sumaku, kifaa cha kutunzia data cha enzi hizo. Haikuwa na uamuzi wowote. Roboti nyingi za viwandani hadi leo ni za namna hiyo.

"Takwimu zimepitwa na wakati."

Rigresheni, mbinu ya takwimu ya kukadiria kitu kimoja kutokana na vingine, ambayo wauzaji wa mifumo wanaipaka rangi na kuiita akili mnemba, msingi wake mwanahisabati Mfaransa Legendre aliuchapisha mwaka 1805. Vijana wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia takwimu na kanzidata. Wengi hununa, wanaenda kulipia kozi ya wiki mbili.