Baba anashauri, mwana anasikia amri

Katika kazi yangu ya unasihi wa familia nimekaa mara nyingi na wanaume wawili wanaofanana sauti, kipaji cha uso na hata namna ya kufumbata mikono kifuani, ambao kila mmoja huzungumza nami kana kwamba mwenzake hayumo chumbani. Baba huanza kwa kusema, "Mwambie huyu mtoto," na mtoto mwenyewe ana miaka 40.

Jambo la kwanza ninalolichunguza ni kama wote wawili wanauona ugomvi uleule, na kwa kawaida hawauoni. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani, Vern Bengtson na Joseph Kuypers, walieleza kwa nini wazazi husema wako karibu na watoto wao kuliko watoto wanavyosema: mzazi huutazama uhusiano huo kama mwendelezo wa maisha yake, ilhali mtoto anahitaji kujipambanua naye ili awe mtu kamili. Ndiyo maana baba anapoambiwa kwamba mwanawe ana kinyongo cha miaka 15, mshangao wake si wa kujifanya.

Kinyongo hicho hulishwa zaidi na ushauri. Baba aliyemlinda mwanawe kwa miaka 20 kwa kumwelekeza hana lugha nyingine ya mapenzi aliyoizoea, hivyo huendelea kumuuliza kwa nini ameacha kazi, kwa nini hajajenga, kwa nini anamdekeza mtoto. Yeye anadhani anajali. Mwana anasikia kwamba bado hajakomaa. Mwana naye, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilisubiri neno moja tu la kumtambua, huanza kuyaficha mambo yake ili asihukumiwe, na baba, akiona anafichwa, huuliza maswali zaidi.

Hapo ndipo mama anapoingizwa, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito kuliko mahali pengine pote. Daktari wa magonjwa ya akili Murray Bowen alieleza kwamba watu wawili wanaposhindwa kuubeba mvutano wao humvuta mtu wa tatu, na pembetatu hiyo huwatuliza bila kutatua chochote. Mama hupokea simu, huchuja maneno makali, humwambia baba kwamba mtoto anamsalimu hata kama hakumsalimu, na humwambia mtoto kwamba baba yake anajivunia naye, jambo ambalo baba hajawahi kulitamka. Anafanya hivyo kwa nia njema. Hata hivyo anawaondolea wote wawili ulazima wa kuzungumza, na siku akiugua au akifariki, hubaki wanaume wawili wasiojua hata namna ya kuanza maongezi ya simu.

Kuhusu hasira nitasema kwa ufupi. John Gottman, aliyechunguza ugomvi wa wanandoa, alionyesha kuwa mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika uwezo wa kusikiliza hupungua sana, na hushauri mapumziko ya dakika 20 au zaidi. Baba anayeinuka na kutoka nje huenda hamdharau mtu. Ajifunze tu kusema kwamba atarudi, kisha arudi kweli.

Wapo waliokwisha kukatiana mawasiliano kabisa. Utafiti wa Rin Reczek na wenzake huko Marekani ulikuta kwamba asilimia 26 ya watu wazima waliohojiwa wamewahi kutengana na baba zao, ikilinganishwa na asilimia 6 kwa mama, na kwamba utengano mwingi wa aina hiyo huja kuisha. Simshauri mwana aliyepigwa au kudhalilishwa na baba yake aharakishe kurudi. Kwake umbali unaweza kuwa ndio usalama wenyewe.

Kwa wengine siagizi kikao kikubwa cha kuombana radhi, kwa sababu vikao hivyo hugeuka mahakama upesi. Ninamwomba mwana ampigie baba moja kwa moja, amuulize jambo ambalo baba analijua kweli, kisha apokee jibu bila kulipinga. Baba ninamwomba, kabla ya kushauri, aulize kama ushauri unatakiwa au anatakiwa kusikiliza tu. Mama ninamwomba akatae kutumwa, na mara nyingi yeye ndiye anayeona ugumu kuliko wote. Simu za mwanzo huwa za dakika tatu, nazo huishia kwenye habari za afya.