Shule ya Kaiti Malindi na Lamu: Yanayosemwa Ufuoni na Yalivyo

Anayetaka kujifunza mchezo wa kaiti, ule wa kusimama juu ya ubao huku ukivutwa baharini na tiara kubwa lililojazwa upepo, huanza kwa kuuliza bei. Halafu huangalia picha. Maswali ya kumlinda huja mwisho au hayaji kabisa: upepo wa leo unatoka wapi, maji yanajaa au yanakupwa, na nikichukuliwa nani atanifuata. Shule nyingi zina kaiti nzuri na picha nzuri. Zinatofautiana kwenye majibu ya maswali hayo matatu.

“Pwani haikosi upepo, njoo mwezi wowote”

Hukosa. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na Kusi takriban Mei hadi Septemba. Katikati kuna vipindi viitwavyo tanga mbili, hasa Aprili na Novemba, ambapo upepo huweza kulala siku kadhaa mfululizo na kaiti zikabaki mfukoni. Kusi ina nguvu zaidi na bahari yake huchafuka, kwa hiyo mwanafunzi wa siku ya kwanza hupata nafuu wakati wa Kaskazi. Shule ikipokea malipo yote ya wiki ya Aprili bila kukutajia tanga mbili, tafuta nyingine.

Saa za siku nazo zina mambo yake. Alfajiri na asubuhi kuna umande, upepo mwepesi utokao bara kwenda baharini. Unamfaa mvuvi anayetoka na mashua. Anayejifunza haumfai hata kidogo, kwa sababu chochote kikiharibika unampeleka kilindini. Upepo wa kufundishia ni ule unaokuja mshazari kutoka baharini. Ufuo wa Malindi unatazama mashariki, kwa hiyo ukisimama ukiikabili bahari, Kusi hukujia kutoka upande wa kulia na Kaskazi kutoka kushoto, na ukishindwa zote mbili hukurudisha mchangani. Kwa kawaida hushika vizuri kuanzia adhuhuri.

Kiasi kinachomfaa anayeanza ni kilomita 22 hadi 35 kwa saa, yaani noti 12 hadi 19 kwa hesabu ya mabaharia. Ukumbuke kwamba mvuto wa kaiti hauongezeki sambamba na kasi ya upepo. Huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi hiyo. Upepo ukipanda kutoka kilomita 28 hadi 40 kwa saa, kaiti ile ile inakuvuta kwa nguvu maradufu. Ndiyo maana mwalimu makini hubeba kipima upepo mfukoni, na shule huwa na kaiti za saizi tatu au zaidi. Kwa mtu wa kilo 75 kwenye upepo wa kilomita 30 kwa saa, mita za mraba 9 au 10 zinatosha kujifunzia. Wala usidhani kwamba kaiti ndogo kabisa ndiyo salama kabisa. Kaiti ndogo hugeuka upesi, na mkono usiozoea huachwa nyuma.

“Lugha si tatizo, mchezo huu hufundishwa kwa ishara”

Lugha ni tatizo, na kwetu Waswahili lina hatari yake ya pekee. Walimu wengi wamefundishwa kwa lugha za nje, na huko mahali kaiti ilipo angani huelezwa kwa uso wa saa. Mwanafunzi anaupa upepo mgongo, kisha anaifikiria saa kubwa ya ukutani imesimama mbele yake: namba 12 iko juu ya utosi, 9 iko upeoni kushoto, 3 upeoni kulia. Kaiti ikikaa kwenye 12 haivuti sana. Ikishuka katikati ya saa, mbele yako, hapo ndipo penye nguvu zote.

Sasa mwalimu anajitahidi Kiswahili, anasema “ipeleke saa mbili”, akimaanisha namba 2, juu kulia. Mswahili akisikia saa mbili, mshale unaomjia akilini umeelekea namba 8, chini kushoto. Kaiti iliyokuwa kulia itavutwa kwenda kushoto, itakatiza katikati, na mwanafunzi ataburutwa kifudifudi kabla hajajua kosa ni la nani. Kila mmoja amesema na kusikia sawasawa kwa lugha yake.

Dawa yake ni dakika tano za mchangani. Chora duara, tia namba kumi na mbili, mwalimu ataje na wewe uelekeze mkono. Kubalianeni moja: ama mtumie namba tupu, ama msome saa ya Kiswahili, yaani utosini ni saa sita, juu kulia saa nane, juu kushoto saa nne. Mwalimu anayeona zoezi hilo ni kupoteza muda hakufai, hata awe bingwa. Ishara za mikono mfundishane hapo hapo: kidole gumba juu maana yake rusha, kujipapasa utosi maana yake nataka kutua. Majini, mwanafunzi akiwa mita 60 mbali na upepo ukimvuma masikioni, sauti haifiki. Shule zenye helmeti za redio zina faida kubwa hapa, mradi redio iwe imechajiwa.

“Cheti kipo ukutani, inatosha”

Shirika la IKO, lililoanzishwa mwaka 2001, hutoa vyeti vya ualimu wa kaiti, na VDWS ya Ujerumani hutoa vyake. Lakini cheti cha ualimu ni cha mtu. Bango la mlangoni halikuambii kama mwalimu mwenyewe bado yupo au aliondoka msimu uliopita. Uliza jina la yule hasa atakayeingia na wewe majini, uone kadi yake na kama bado iko hai, na uulize mafunzo yake ya huduma ya kwanza ni ya mwaka gani. Msaidizi wa mwalimu anaweza kukufundisha vizuri tu, ila mwalimu wake awepo pale pale ufuoni.

Kijana anayeruka juu na kupindua ubao hewani ni hodari, na anastahili sifa. Kufundisha ni kazi nyingine: ni kuliona kosa la mwanafunzi sekunde moja kabla halijatokea.

“Maji matulivu ni salama”

Hapa ndipo Lamu hudanganya macho. Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda unaonekana kama ziwa, lakini una mkondo wenye nguvu maji yakijaa na yakikupwa, una mashua na boti zinazopita siku nzima, na upepo wake hukatwa na majengo upande mmoja na mikoko upande wa pili. Upepo uliopita juu ya nyumba au mikoko huja kwa mikupuo: unakufa, kaiti inalegea, kisha unarudi ghafla na kukunyanyua. Vilima vya mchanga nyuma ya ufuo wa Shela hufanya vivyo hivyo upepo ukitokea upande wao. Sehemu iliyo wazi ya ufuo huo ina nafasi tele, ila ina mawimbi ya bahari kuu. Shule ya Lamu, basi, iulize kwanza inafundishia wapi hasa, kwa saa zipi za maji.

Malindi nayo, upande wa kaskazini mwa mji, ina mdomo wa mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara, mto huleta maji ya udongo na magogo, na mwanafunzi hawezi kuona kilicho chini yake. Mto wenyewe una mamba na viboko. Kaa mbali na mdomo huo, na siku za maji mekundu shule ihamie kwingine. Upande wa kusini kuna Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, yenye matumbawe na kanuni zake. Na kila mahali kuna nyavu na madema ya wavuvi. Shule inayoelewana na wavuvi wa ufuo wake hujua madema yametegwa wapi leo.

Kuhusu bamvua: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mahali palipokuwa na maji ya kifuani saa kumi jioni, kesho saa nne asubuhi ni mwamba mkavu wenye miiba. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya mafunzo haiwezi kuwa “saa nane kila siku” wiki nzima. Ukiona imeandikwa hivyo, ujue jedwali la maji halikufunguliwa. Maji mazuri ya kujifunzia ni ya kiunoni, chini pawe mchanga, na upande wa demani, kule upepo unakoelekea, pawe wazi mita mia kadhaa.

“Funga ubao mguuni usipotee”

Hapana, na hili tunalisema kwa mkazo. Ukianguka, kaiti inaendelea kukuvuta na ubao unabaki nyuma. Kamba inanyooka kama mpira wa manati, kisha ubao unakurudia kwa kasi kichwani. Njia sahihi ya kuufuata ubao ni kuburutwa na kaiti bila ubao huku ukipiga bisho kama jahazi: mkono mmoja kwenye mpini wa kuongozea kaiti, mwingine umenyooshwa majini kama mkuku, kwenda kulia, kugeuka, kwenda kushoto, mpaka uufikie ubao ulio goshini, kule upepo unakotoka. Mwanafunzi asiyeweza hilo hajawa tayari kupewa ubao. Shule inayokupa ubao siku ya kwanza ili upige picha inairuka hatua hiyo.

Uwe na nguvu za mikono? Hazihitajiki sana, maana mvuto huenda kwenye mkanda wa kiunoni wenye ndoano. Kuogelea, ndiyo, ujue, hata kama utavaa fulana ya kuelea. Na kaiti ikianguka majini si mwisho wa safari: ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza mwaka 1984 ya tanga lenye mabomba ya hewa ili liweze kurushwa tena kutoka majini.

“Kozi ya saa tatu, unatoka unajua”

Wengi huhitaji saa 8 hadi 12 za mafunzo kabla ya kusimama kwenye ubao na kwenda mita chache, na kupiga bisho hadi ulipoanzia huchukua muda zaidi. Kabla ya kulinganisha bei, uliza saa hizo zinahesabiwaje. Wanafunzi wawili kwa kaiti moja ni sawa, mmoja akifanya mwingine anajifunza kwa kutazama. Wanne kwa kaiti moja maana yake katika saa mbili umeishika kwa dakika 30. Upepo ukilala katikati ya somo, saa isimame na dakika zilizobaki ziwe zako kesho. Hilo liandikwe kabla hujalipa.

“Vifaa ni vipya, havina shida”

Upya wa kaiti hausemi kitu kuhusu nyuzi zake. Omba uone zikipimwa: ncha zote nne zinafungwa kwenye mnazi mmoja, mpini unavutwa kwa nguvu sawa, na mpini ukae sawa bila kuinama. Ukiinama, uzi mmoja umerefuka na kaiti itavuta upande mmoja siku nzima. Fundo lililojifunga katikati ya uzi hupunguza nguvu yake kwa karibu nusu, kwa hiyo lifunguliwe au uzi ubadilishwe. Kaiti ijazwe na kuachwa dakika 15. Bomba la mbele likilegea, lina tundu.

Kisha kifyatuo cha dharura, kile unachokisukuma ili kuukata mvuto wa kaiti. Mchanga laini ukiingia ndani yake pamoja na chumvi hukifanya kizito, na kifyatuo kizito ni kama hakipo. Kisukumwe mara tatu huku mkanda ukivutwa na mtu wa pili, si kikiwa kimelegea mkononi, na kila mara ukiunganishe tena wewe mwenyewe. Mwalimu akuonyeshe pia hatua ya pili: kuiachia kamba ya usalama, endapo kaiti bado inavuta baada ya kifyatuo. Helmeti na fulana ya kuelea visitozwe pesa ya ziada, na mwalimu awe na kisu cha ndoano cha kukatia nyuzi.

Nyuzi ni mita 20 hadi 24. Wakati wa kurusha, upande wa demani pasiwe na mtu, mnazi, ngamia wa watalii wala ukuta ndani ya mita 50.

Mwisho uliza: “Mwalimu, nikichukuliwa, nani atanifuata na kwa chombo gani?” Jibu liwe boti yenye injini, mafuta na nahodha aliyepo, iliyo majini au mchangani mahali unapoweza kuinyooshea kidole. “Tutawapigia wavuvi simu” si jibu. Na uliza saa ya mwisho ya kutua. Huku karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya Magharibi, na Kaskazi huweza kuendelea kuvuma vizuri kabisa jua likizama, jambo linalowashawishi wengi kuongeza raundi moja. Mwanafunzi awe mchangani, kaiti imeshatolewa upepo, saa nzima kabla ya hapo, maana nahodha wa boti hawezi kukifuata kichwa asichokiona.