Je, wajua kwa nini kihisi kidogo karibu na pua ya ndege kinaweza kuiangusha?

Siku ukipanda ndege, kabla hujaingia mlangoni tazama ubavuni kule mbele, utaona kichuma kidogo kimechomoza kama pezi la samaki. Hicho kinageuka na upepo na kuiambia kompyuta bawa linaukata upepo kwa pembe gani, maana pembe ikizidi, kwenye ndege nyingi kama digrii 15 hivi, hewa inaachana na mgongo wa bawa na ndege haibebeki tena.

Kifaa chenyewe ni imara, kina hita ya kuzuia barafu na hakiharibiki hovyo. Shida kinakaa nje, kinagongwa na ndege wa angani, kinaingia maji, au fundi anakifunga kikiwa hakijapimwa sawasawa. Halafu kuna swali kubwa zaidi, kompyuta inakiamini kiasi gani?

Boeing 737 MAX ina viwili, lakini mfumo wa MCAS, unaosukuma pua chini pembe ikizidi, ulikuwa unasikiliza kimoja tu. Ndege ya Lion Air ya Indonesia, Oktoba 2018, kihisi kilichotoka kukarabatiwa kilizidisha digrii 21, wakafa watu 189. Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, cha kushoto kikasema digrii 74.5 wakati cha kulia kiko kwenye 15 hivi! Yaani mwenzake yupo palepale na hakuulizwa, wakaondoka watu 157, Wakenya zaidi ya 30, inauma sana. Siku hizi vinalinganishwa, vikipishana zaidi ya digrii 5.5 MCAS inanyamaza.

Utasema basi viwekwe vitatu. Airbus wanavyo vitatu, ila Novemba 2008 kule Perpignan, Ufaransa, A320 ilioshwa bila vihisi kufunikwa, maji yakaingia, huko juu yakaganda, viwili vikakwama karibu pembe moja. Kompyuta ikafuata walio wengi ikakitupa kile kizima, haikuzuia pembe kuzidi, wote 7 waliokuwemo wakafa.

2014 viwili viliganda tena, A321 ya Lufthansa kutoka Bilbao kwenda Munich, pua ikashuka yenyewe na kupoteza maelfu ya futi, marubani wakaizuia kwa mkono, wakawasiliana na mafundi wa chini, wakazima sehemu ya mfumo, wakatua Munich salama.