Je, wajua kwa nini tumbo la mwogeleaji hujaa gesi?

Mtu aliyejifunza kuogelea ukubwani huweza kutoka bwawani baada ya dakika 40 tumbo likiwa limewamba kama ngoma, akipiga mbweu mfululizo na akihisi maumivu ya kuchoma chini ya mbavu za kushoto. Jioni gesi hiyo hiyo hutafuta njia ya kutokea chini, naye huanza kuyalaumu maharage aliyokula mchana. Huacha maharage wiki nzima, akarudi majini, na tumbo likajaa vilevile. Haya yalinipata nilipoanza kujifunza nikiwa nimeshavuka miaka 40, na ndiyo sababu naona yafaa yaelezwe kwa kina na bila haya, kwa kuwa wapo wanaoacha kabisa kuogelea kwa kuona aibu ya jambo ambalo chanzo chake kiko kwenye pumzi na si kwenye sahani.

Tumbo la binadamu hupata gesi kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni uchachukaji wa chakula. Maharage, kunde na kabichi vina sukari ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachusha na kutoa haidrojeni, kabonidayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani, pamoja na kiasi kidogo cha gesi zenye salfa ambazo ndizo zenye harufu. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa tangu mtu ale. Njia ya pili ni kumeza hewa, na hii ndiyo inayomhusu mwogeleaji. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 hivi na oksijeni asilimia 21. Ikishaingia tumboni, oksijeni yake huweza kufyonzwa kwa kiasi fulani, lakini damu yetu tayari imeshiba naitrojeni, hivyo sehemu kubwa ya hewa iliyomezwa haina pa kwenda isipokuwa kurudi juu kama mbweu au kuendelea na safari hadi itoke kama ushuzi. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua gesi yake imetoka wapi anaweza kuangalia dalili mbili, yaani kama inaanza akiwa bado majini au mara tu atokapo, na kama haina harufu. Gesi ya namna hiyo kwa kawaida ni hewa aliyoimeza.

Sasa hewa hiyo humezwaje, na hali mtu alikuwa anapumua tu? Kooni pana njia mbili zinazopakana: njia ya hewa iendayo mapafuni, na umio uendao tumboni. Sehemu ya juu ya umio ina misuli ya mviringo ambayo hukaa imefumba muda wote, na moja ya kazi zake ni kuzuia hewa isiingie tumboni kila tunapovuta pumzi. Ulinzi huo unahitajika kwa sababu umio unapita ndani ya kifua, na kifua kinapotanuka ili kuvuta hewa, shinikizo ndani ya umio hushuka pia, kiasi kwamba mlango ule ukiwa wazi hewa ingevutwa tumboni kama inavyovutwa mapafuni. Mlango huo hufunguka kwa muda mfupi tunapomeza. Nchi kavu kumeza na kupumua hupishana vizuri, maana ubongo huisimamisha pumzi kwa kitambo kidogo kila tunapomeza. Majini mpangilio huo huvurugika.

Tumtazame mtu anayeogelea mtindo huru, yaani amelala kifudifudi na kurusha mkono mmoja baada ya mwingine, uso ukiwa ndani ya maji. Mwanafunzi mpya akishazamisha uso huibana pumzi, na mara nyingi mashavu yake huonekana yamefura kwa hewa aliyoifungia kinywani. Anapogeuza kichwa ili kuvuta pumzi, ana muda usiofika hata sekunde moja, na ndani ya muda huo inambidi afanye mambo mawili: atoe hewa yote aliyoifungia, kisha avute nyingine. Hawahi. Hewa ya zamani inakuwa haijaisha kutoka wakati anapoanza kuvuta mpya, kinywa kinapokea maji kidogo pamoja na hewa, na maji yale yakigusa nyuma ya koo yanaamsha hamu ya kumeza ambayo haizuiliki kwa hiari. Mlango wa umio hufunguka wakati ule ule kifua kinapovuta kwa nguvu. Maji hupita, na hewa hupita nayo.

Kiasi kinachoingia mara moja ni kidogo, lakini mazoezi ni marefu. Tuchukulie kwa mfano kwamba mtu humeza mililita 10 tu za hewa kila anapovuka bwawa la mita 25. Akiogelea mita 1,000 atakuwa amevuka mara 40, na tumboni mwake mtakuwa na mililita 400 za hewa, zaidi ya chupa nzima ya soda ya mililita 350. Mfuko wa tumbo huweza kutanuka na kuhimili ujazo huo, ila hauwezi kuuhimili bila mwenyewe kuhisi.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi tukikumbuka mahali tumbo lilipo. Sehemu yake ya juu imekaa chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, upande wa kushoto. Tumbo likijaa hewa hukisukuma kiwambo juu, na pafu la kushoto likakosa nafasi ya kushuka na kutanuka vizuri. Pumzi inakuwa fupi. Mwogeleaji mwenye pumzi fupi huongeza pupa ya kuvuta hewa, na pupa hiyo humfanya ameze hewa zaidi. Ndiyo maana wengi husema kwamba mizunguko ya mwanzo ilikuwa myepesi, kisha ghafla wakaishiwa nguvu. Wao hudhani ni udhaifu wa mapafu au umri, kumbe kila mzunguko umekuwa ukiutayarishia ugumu mzunguko unaofuata.

Mlalo wa mwili nao una mchango wake. Mtu akiwa wima, hewa ya tumboni hupanda juu na kukaa karibu na mlango wa chini wa umio, pale unapoingia tumboni, hivyo mbweu hutoka kwa urahisi. Akilala chali, maji na chakula hufunika mlango ule na hewa hukwama mbele, ambako ni rahisi zaidi kusukumwa kwenda utumbo mwembamba. Kwa sababu hiyo, kupumzika kwa kuelea chali katikati ya mazoezi, jambo ambalo kwa mengine ni zuri, hakumsaidii mwenye tumbo lililojaa. Yafaa asimame kwenye maji ya kina kifupi, anyooshe kiwiliwili, na aipe hewa nafasi ya kupanda.

Kwa nini watu wazima zaidi? Sidhani kwamba umri wenyewe ndio sababu kubwa. Mtu mzima huja majini na hofu, na mwenye hofu hukaza shingo na kumezameza mate. Miguu yake huelekea kuzama, naye hukiinua kichwa mbele ili kinywa kifike juu, kumbe kichwa kikiinuka ndivyo miguu inavyozidi kuzama na kinywa kinavyozidi kukaa karibu na maji. Tena wapo waliokulia pwani, hodari baharini tangu utotoni, ambao walizoea kuogelea kichwa kikiwa juu na kuvuta pumzi wakati wowote wapendao. Tatizo hili huwakuta siku wanapoanza kuogelea uso ukiwa ndani ya maji, na huwashangaza kuliko wengine kwa sababu hawana hofu ya maji hata kidogo. Wanachokosa ni mpangilio wa pumzi, nao ni ujuzi unaojitegemea.

Tiba yake inaanzia kwenye kutoa pumzi. Hamu kali ya kuvuta hewa tunayoihisi uso ukiwa majini haisababishwi hasa na upungufu wa oksijeni, bali na kabonidayoksaidi inayojikusanya mwilini. Anayeanza kutoa mapovu taratibu mara tu uso unapoingia majini huiondoa gesi hiyo mapema, na anapogeuka anakuwa na kazi moja tu ya kuvuta. Mapovu yapite puani na mdomoni, na mpumuo wa mwisho uwe wa nguvu kidogo kabla ya midomo kutoka majini, ili usukume mbali maji yaliyobaki midomoni. Maji yakiingia kinywani yatemwe, yasimezwe. Kichwa kizunguke pamoja na kiwiliwili bila kuinuliwa, kioo kimoja cha miwani kibaki ndani ya maji, kwa kuwa kichwa kinachosonga mbele huchimba bonde dogo la maji kandoni mwake, na kinywa hupata hewa ndani ya bonde hilo, chini kidogo ya usawa wa maji yaliyokizunguka.

Wanafunzi wengi huambiwa wavute pumzi kila baada ya mikono mitatu ili wajifunze kugeukia pande zote mbili. Kwa maoni yangu agizo hilo hutolewa mapema mno. Anayemeza hewa avute kila baada ya mikono miwili hadi utulivu uje. Soda iepukwe kabla ya kuingia majini, kwani gesi iliyomo, ikitoka yote, huwa na ujazo wa takriban mara tatu ya kinywaji chenyewe. Ubani wa kutafuna nao huongeza kumeza hewa.

Yapo mambo ambayo mtu asiyadhanie kuwa ni gesi tu. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, yakiambatana na jasho jembamba, ni ya kukimbizwa hospitali. Kadhalika kukosa pumzi huku mtu akikohoa povu au makohozi yenye damu baada ya kuogelea. Na mtu asijaribu kurefusha pumzi kwa kuhema harakaharaka kabla ya kuzama, kwani kufanya hivyo hupunguza kabonidayoksaidi inayomwonya, naye huweza kuzimia chini ya maji bila kuhisi haja ya kupumua.

Zoezi lililonisaidia mimi hufanyika kwenye kina cha kifuani, mkono ukiwa umeshika ukingo wa bwawa. Mtu huzamisha uso na kuvumisha sauti ya "mmm" kupitia puani, kwa utulivu, kisha hugeuza uso pembeni, akavuta pumzi kwa kinywa na kurudi majini bila kusita. Sauti ile haiwezi kutoka pumzi ikiwa imebanwa, kwa hiyo ikikatika yeye mwenyewe husikia papo hapo kwamba ameanza tena kuibana.