Je, wajua kwa nini wanatoboa sakafu ya bahari kabla ya kusimamisha hata nguzo moja ya gati?

Watu wa Tanga wengi wanaijua habari ya bandari yetu, kwamba zamani meli kubwa ilikuwa haisogei gatini, inatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unavutwa mpaka nchi kavu, halafu kuanzia 2019 mitambo ikaja ikachimba, kina kikatoka mita 3 kikafika 13, gati nalo likarefushwa. Hiyo kila mtu aliiona. Ambayo haionekani ni kazi inayotangulia. Unakuta kiboti kinakwenda mstari mmoja ulionyooka, kinageuza, kinarudi mstari wa pembeni yake, siku nzima, hakivui wala hakibebi abiria, na baada ya muda linakuja jukwaa lenye miguu linasimama katikati ya maji na kuanza kutoboa. Hapo maneno yanaanza kijiweni, ooh wamepata mafuta, ooh wanatafuta dhahabu ya Mjerumani. Hamna bana, wanataka tu kujua nguzo itasimama juu ya nini.

Sasa utajiuliza, si wapige mbizi waangalie? Tatizo ni kwamba ule mchanga unaouona ukizamia na miwani sio unaobeba gati. Nguzo ya chuma ya gati kubwa inashuka mita nyingi ndani ya ardhi, mara nyingine makumi ya mita, na huko chini ardhi inaweza ikawa tofauti kabisa na ilivyo juu.

Na kwa nini iwe tofauti? Hapa inabidi turudi nyuma kama miaka 20,000 hivi. Wakati huo maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda barafu kule kaskazini na kusini, na bahari ilikuwa imeshuka karibu mita 120 chini ya ilipo leo. Yaani Unguja ilikuwa imeungana na bara, ungeenda kwa miguu bila kulipa nauli (Pemba hapana, ile ina kilindi katikati, tutafika). Mto Pangani, Zigi na Mkulumuzi haikuishia inapoishia leo, iliendelea kutiririka ikichimba mabonde kwenye ardhi ambayo sasa hivi ni sakafu ya bahari. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, yale mabonde yakajaa tope, mchanga, mizizi na majani ya mikoko, na juu yake pakasawazika. Leo ukipita na mashua juu huoni kitu, chini tambarare, lakini nguzo moja ikaja ikakaa juu ya chokaa ngumu na mwenzake, mita 30 tu pembeni, ikaangukia kwenye bonde lililofukiwa ambako unasukuma chuma kinazama tu. Gati moja, miguu miwili, mmoja umesimama na mwingine unadidimia. Hapo ndo unaona nyufa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni sauti. Kile kiboti kina chombo chini yake kinachopiga sauti kwenda chini na kusikiliza inavyorudi. Sauti kwenye maji ya bahari inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 30 inakwenda na kurudi kwa sekunde 0.04 tu, na kompyuta inabadilisha muda kuwa kina. Wavuvi wetu walikuwa wanashusha donge zito la risasi kwenye kamba kujua kina, kazi ni ileile, ila hii inapima vituo mamia kwa mpigo mmoja kulia na kushoto. Kuna usumbufu wake lakini. Kasi ya sauti inabadilika maji yakiwa ya joto zaidi au yenye chumvi zaidi, kwa hiyo kila mara wanateremsha kipimo kuangalia maji yenyewe yakoje, na pia maji yanapanda na kushuka, kwetu wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, sasa ukipima asubuhi na jioni bila kusahihisha hilo utachora mlima mahali hapana mlima.

Halafu kuna sauti nyingine, nzito zaidi, hiyo haiishii juu ya mchanga, inapenya. Kila inapokutana na tabaka jipya sehemu yake inarudi, kwa hiyo kwenye skrini unaona mistari mistari, tope hapa, mchanga pale, chokaa chini yake, na yale mabonde ya zamani yanaonekana wazi kabisa kama mtu kayachora. Isipokuwa pakiwa na gesi. Majani na mizizi iliyozikwa kwenye tope inaoza inatoa gesi, viputo vinabaki mlemle, na sauti ikigonga viputo inatawanyika, picha inakuwa wingu tu, chini yake huoni chochote. Mpimaji akiona hilo wingu anaweka alama nyekundu, maana ukitoboa kwa pupa gesi inaweza ikafumuka, na hata isipofumuka tope lenye viputo halina nguvu ya kubeba kitu.

Wanavuta pia magnetomita nyuma ya boti kutafuta vyuma: nanga zilizopotea, mabaki ya meli, nyaya, mabomu ya vita. Msicheke hilo la mabomu. Tanga hii, Novemba 1914, Waingereza walikuja na meli zao kuuteka mji, nahodha wa manowari yao HMS Fox akawa na wasiwasi kwamba bandari imetegwa mabomu ya majini, basi badala ya kushusha askari moja kwa moja wakaanza kwanza kuyafagia maji wakitafuta, na hayakuwepo hata moja! Huku Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi. Kilichofuata mnakijua, Waingereza walishindwa vibaya, na nyuki nao wakawavamia vitani. Mimi huwa naona hiyo ni moja ya gharama kubwa kuwahi kulipwa hapa mjini kwa kutojua kilichopo chini ya maji.

Haya, sauti inakupa picha, lakini picha haikwambii udongo una nguvu kiasi gani. Hapo ndo linakuja lile jukwaa lenye miguu. Na chombo ninachokipenda mimi hapo ni koni. Ni fimbo ya chuma yenye ncha kama penseli, unene wake kama sentimita 3.6, inasukumwa chini taratibu, sentimita 2 kwa sekunde, haipigwi nyundo wala haizungushwi, inasukumwa tu kwa mwendo uleule, na ndani yake kuna vipimo vitatu: ncha inapata upinzani kiasi gani, ubavu unasuguliwa kiasi gani, na maji yaliyopo kati ya chembe za udongo yanabanwa kiasi gani. Mita 10 inachukua dakika kama 8 na zaidi. Ukikaa na mtu anayeisoma unaona mstari kwenye skrini unatembea, koni ikiingia mchanga uliobanana upinzani unaruka kulia, ikitoka kwenye mchanga ikaingia tope mstari unaanguka kushoto ghafla na presha ya maji inapanda, maana kwenye tope maji hayana pa kukimbilia. Mtu mwenye uzoefu anakwambia hapo hapo, "hii mfinyanzi laini, hii ina kokoto, hii sijui ni nini tuchukue sampuli." Na kweli wanachukua, wanashusha bomba jembamba linakata udongo linapandisha juu, linazibwa kwa nta ili unyevu usitoke, linapelekwa maabara.

Sasa kwa pwani yetu kuna mtego mmoja maalum, na huu ndo ulionifanya niandike. Mchanga wetu mwingi ni wa matumbawe. Siku ukiwa ufukweni Raskazone chukua kiganja kimoja uangalie vizuri kwenye mwanga, utaona sio vile vijiwe vya kung'aa vya mchanga wa mtoni, ni vipande vya matumbawe, makombe yaliyovunjika, miiba ya urchini (yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mwili mzima), vitu vyenye matundu ndani. Vingine ukivibana kwa kucha vinavunjika. Koni ikipita humo inaweza ikaonyesha upinzani mzuri tu, injinia akafurahi, lakini nguzo ikigongwa zile chembe zinasagika, mchanga unanywea, na ule msuguano wa ubavuni ambao ndo unaishikilia nguzo unapotea.

Hii sio nadharia. Mwaka 1982 kule Australia upande wa kaskazini-magharibi walikuwa wanasimamisha jukwaa la gesi la North Rankin A kwenye maji ya kina cha mita 125 hivi. Hesabu zilifanywa kwa kufuata mchanga wa kawaida. Walipoanza kugonga nguzo, zikaanza kuzama kwa uzito wake zenyewe, mita makumi, nyundo haina hata kazi. Ikabidi jukwaa lililokwisha kusimama lirudiwe kuimarishwa chini kwa pesa ndefu, na tangu hapo mainjinia dunia nzima wakiona mchanga wa makombe na matumbawe wanaushughulikia kivyake. Kwa hiyo mtu akikwambia pale Chongoleani, ambako linajengwa gati la kupakilia mafuta ya bomba la kutoka Uganda, gati la kuingia baharini karibu kilomita 2, kwamba kutoboa toboa kule kulikuwa kupoteza muda, mwambie habari ya Australia.

Kuna na kichekesho kidogo hapa. Lile jukwaa lenye miguu, lililokuja kupima udongo, lenyewe linasimama kwenye udongo ambao haujapimwa! Hatari yake ni pale juu pakiwa na tabaka gumu jembamba na chini tope laini, kama utando juu ya uji uliopoa. Mguu unakanyaga, unashika, kila mtu anaridhika, halafu uzito ukiongezeka tabaka linapasuka na mguu unazama mita kadhaa kwa mpigo, jukwaa linainama, na kumekuwa na majukwaa duniani yaliyopinduka kabisa kwa namna hiyo. Ndo maana kabla ya kuinuka juu wanajaza matangi yake maji ya bahari makusudi, wanalilemea kupita uzito wa kazi, kama kuna mguu wa kuzama uzame sasa hivi likiwa bado liko karibu na maji.

Na mapango je? Mtu aliyewahi kuingia Amboni haihitaji kuelezwa, chokaa inaliwa na maji ya mvua. Amboni ni chokaa kongwe sana kuliko matumbawe ya pwani, ila tabia ni ileile, na bahari iliposhuka zile mita 120 chokaa ya huko nje nayo ilikuwa nchi kavu inanyeshewa. Mtobozi anajua akifika kwenye tundu, drili inaanguka ghafla au maji ya kutobolea yanapotea hayarudi juu.

Ukitoka nje zaidi, matumbawe yakiisha, mambo yanabadilika kabisa. Chini kunaporomoka. Mkondo wa Pemba una kina cha kama mita 800, huko ndo kwenye miteremko anakoishi silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye jarife tangu 2003 mpaka ikatangazwa hifadhi yake 2009. Na katika mkondo huohuo umepita waya wa umeme unaotoka Tanga kwenda Pemba, tangu 2010, zaidi ya kilomita 70 chini ya bahari. Waya ukipita kwenye mteremko wenye mawe unaweza kuning'inia kati ya jiwe na jiwe, mkondo wa maji unautikisa usiku na mchana mpaka unachubuka, kwa hiyo njia yake lazima ipimwe mapema.

Hatari kubwa ya miteremko ni maporomoko. Mwaka 1929 tetemeko lilipiga karibu na Newfoundland, Kanada, tope likaporomoka baharini na kukata nyaya 12 za simu za maandishi, sio kwa pamoja, moja baada ya nyingine kadiri tope lilivyoteremka, ya mwisho zaidi ya saa 13 baadaye, na tsunami yake ikaua watu 28. Unaweza kusema hayo ni ya Wazungu huko. Sawa, Januari 2020 basi, hapa hapa Afrika, baada ya mafuriko makubwa ya mto Kongo tope lilianza kukimbia kwenye korongo lililoko chini ya bahari mdomoni mwa mto, likaenda zaidi ya kilomita 1,100, likakata nyaya za intaneti na nchi kibao za upande wa magharibi mwa Afrika zikabaki na neti ya kobe. Na matetemeko sio mageni kwetu, lile la 12 Agosti 2020 la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar na watu Dar na Zanzibar walitoka nje mbio.

Kitu kimoja kinanikera kidogo kwenye hizi kazi. Wapimaji ni waja leo waondoka leo, wanakuja na mashine za bei mbaya, na wazee wa Sahare na Chongoleani waliovua hapo miaka yote hawaulizwi, wakati mzee anakwambia pale nanga haishiki, pale nyavu inakwama kwenye kitu, pale maji huwa yanatoa mapovu. Hayo mapovu ndo yale yale ya wingu kwenye skrini! Haina maana kwamba mvuvi achukue nafasi ya koni, ila angewaonyesha pa kuanzia.

Na usidhani gati likikamilika kupima kumeisha. Maji yakigonga nguzo yanazunguka, yanakuwa na kasi zaidi pale chini ubavuni, yanachota mchanga kidogo kidogo mpaka panakuwa na shimo kuizunguka nguzo, na urefu wa nguzo ulioshikwa na ardhi unapungua. Kwa hiyo kile kiboti kinarudi tena, hasa baada ya msimu wa kusi, kinapita mistari ileile, wanalinganisha picha mpya na ya zamani, na wakikuta shimo limekua wanalijaza mawe.