Makumbusho ya mtandaoni: kupanua ni nini, kuboresha ni nini

Makumbusho ya mtandaoni ni tovuti inayokusanya picha za kazi za sanaa, iwe michoro ya rangi, sanamu au majengo, ikazipanga na kuzieleza ili mtu azitazame bila kufika zilipo. Sasa wengi wanaishia hapo kwenye "kukusanya picha", ndo maana wanadhani kuikuza tovuti ya namna hii ni kuongeza picha tu, leo elfu moja kesho elfu mbili, basi. Hapana jamani. Kuna kupanua na kuna kuboresha, ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili ndo ngumu na ndo mimi naithamini zaidi.

Tuanze na kupanua. Chukua Web Gallery of Art, ilianzishwa Hungaria mwaka 1996 na Emil Krén na Daniel Marx, enzi zile intaneti inapita kwenye waya wa simu na picha moja inafunguka kidogo kidogo. Mwanzoni walishughulika na Renesansi tu, ile sanaa iliyochipukia kwenye miji ya Italia. Lakini Renesansi haieleweki kama hujui ilitokea wapi, kwa hiyo wakarudi nyuma mpaka Enzi za Kati, afu wakasogea mbele kwenye Baroki na Rokoko, mitindo ya sanaa iliyofuata baada ya Renesansi, baadaye wakaingiza na karne ya 19, na leo kuna picha zaidi ya 50,000. Ukiangalia vizuri hawakuwa wanajaza nafasi, kila walipoongeza walikuwa wanaziba pengo ambalo mtazamaji alikuwa analiona. Wakaweka na wasifu wa wasanii, ufafanuzi wa istilahi, na njia ya kufungua picha mbili kwa pamoja ili uzilinganishe.

Hiyo ya kulinganisha naipenda sana kwa sababu jengo lenyewe la makumbusho kwa kawaida haliwezi kukupa. Kuna kile kisa cha Yudithi anayemkata kichwa Holoferne, jemadari wa adui, kimo kwenye Biblia ya Wakatoliki. Mchoraji wa Italia, Caravaggio, alikichora mwishoni mwa miaka ya 1590 na mchoro wake uko Roma, Artemisia Gentileschi naye akakichora baada yake, mchoro wake mmoja uko Napoli na mwingine uko Firenze. Kuviona vyote kwa macho ni kusafiri miji mitatu. Kwenye skrini unaviweka pembeni kwa pembeni, na hapo unamwona Yudithi wa Caravaggio amejivuta nyuma kama hataki kuguswa na damu, wakati wa Gentileschi mikono imekaza, kijakazi wake anamkandamiza mwanaume asinyanyuke. Tofauti hiyo ukisimuliwa kwa maneno tu haikuingii.

Haya, kuboresha. Jambo la kwanza ni rangi, na hapa kuna habari ya Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi yaliyoko Amsterdam. Wana mchoro maarufu wa Johannes Vermeer, yule mwanamke anayemimina maziwa. Walipopekua mtandaoni wakakuta nakala mbovu zaidi ya 10,000 za mchoro huo, nyingi zimekuwa za njano njano, na watu walizizoea kiasi kwamba waliokuja dukani kwao walikuwa hawaamini kama ile postikadi yenye rangi sahihi ni ya mchoro halisi! Dawa waliyoiona ni kutoa wenyewe picha nzuri, bure, na mwaka 2012 wakafungua huduma ya Rijksstudio ikiwa na kazi 125,000 ambazo mtu yeyote anapakua anavyotaka.

La pili ni ukali wa picha. De Nachtwacht (Zamu ya Usiku) ya mchoraji wa Uholanzi Rembrandt, ya mwaka 1642, makumbusho hayo hayo yalitoa picha yake Januari 2022 yenye gigapikseli 717, yaani nukta bilioni 717, wamepiga picha 8,439 wakaziunganisha ikawa moja, na ukivuta karibu unaona nyufa za rangi na chembe zake. Utajiuliza bando litatosha? Linatosha, kwa sababu picha ya hivyo haiji yote kwa mkupuo, seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, imeikata vipande vidogo vidogo kama vigae na simu yako inaletewa vile tu vya sehemu unayoitazama.

La tatu ndo watu hawalioni kabisa, nalo ni maelezo yanayokaa nyuma ya picha: nani kachora, lini, kwa rangi gani, ukubwa gani, iko wapi sasa. Haya yanabadilika! Pale Berlin kuna mchoro wa mwanaume mwenye kofia ya chuma ya dhahabu, kwa miaka mingi ulisifiwa kama moja ya kazi kubwa za Rembrandt, miaka ya 1980 wataalamu wakaamua haukutoka mkononi mwake. Tovuti ambayo hakuna mtu anayeirudia itaendelea kuandika Rembrandt mpaka leo, na mwanafunzi atanakili hivyo hivyo.

Na mchoro wenyewe nao unaweza kubadilika sura. Kule Ghent, Ubelgiji, kuna michoro ya altare ya kanisa, kazi ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432, katikati yake yuko Mwanakondoo wa Mungu. Karne ya 16 watu wakampaka rangi juu yake, miaka ya 1950 usafishaji ukafunua masikio ya asili wakati yale ya kupakwa bado yapo, akakaa na masikio manne miaka na miaka, hadi kazi ya juzi juzi ilipoondoa hiyo rangi ya juu na uso wa mwanakondoo kama alivyochorwa mwanzo ukatokea, macho yanakutazama moja kwa moja. Makumbusho mazuri ya mtandaoni hayafuti picha ya zamani, yanaziweka zote na kuandika kila moja ilipigwa lini, na kwa altare hii tovuti ya Closer to Van Eyck inakuonyesha kabla na baada.

Kimebaki cha hakimiliki, nacho ni kifupi. Wachoraji hawa walishakufa zamani, ubishi ulikuwa kwenye picha iliyopigwa kwa kamera. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 yanasema nakala ya kawaida ya mchoro ambao ulinzi wake umeisha haipati haki mpya, labda iwe na ubunifu wake yenyewe. Ila masharti ya kila tovuti yasome: Web Gallery of Art wanaruhusu kwa elimu na matumizi binafsi, wakati makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu Februari 2017 yameachia picha zaidi ya 375,000 ambazo hata ukitaka kuzichapa kwenye fulana ukauze, ruksa.